Udongo Ulioteremka kwa Nyirakamana

Semana alishuka bondeni siku ile ile maharagwe yalipokwisha kung'olewa na kulundikwa. Wakati wa kulima hakuonekana. Wakati wa kupalilia hakuonekana, na kiangazi chote Nyirakamana alipokuwa ameinama na jembe lake, jirani yake huyo wa mlimani hakupata hata haja ya kupita na kumpa pole ya kazi. Lakini lundo la maharagwe lilipoanza kuonekana kutoka kule juu, miguu yake ilikumbuka njia. Alikuja akasimama pembeni ya shamba, kofia kichwani, fimbo ya kuchungia mkononi, akayatazama maharagwe kama mtu anayekagua mali yake.

"Jambo, Mama. Naona huku mambo iko muzuri."

"Jambo, Papa Semana. Iko muzuri kidogo. Mungu anasaidia."

"Mungu anasaidia, njo vile. Na mi pia nilisaidia."

Nyirakamana alidhani ni utani, akacheka kidogo kwa adabu. "Ulisaidia na nini, Papa?"

Semana akagonga ardhi kwa ncha ya fimbo. "Na hii. Hii udongo yote unaona hapa iko yangu, ilitoka kwangu kule juu. Unalima udongo yangu, unakula, unauzisha ku soko ya Kashebere, na mi hata kikombe moja ya maharagi sijapata. Nimekuya tuongee sawa batu bakubwa. Nusu ya hii shamba iwe yangu."

Nyirakamana alinyooka taratibu, mkono kiunoni. Alimtazama usoni kutafuta dalili ya mzaha, asiione. Kuna watu wana uso mkavu, lakini wa Semana ulikuwa umekauka hata ungeweza kuwashia moto.

"Rudi kwako, Papa," alisema. "Rudi kabla sijakutukana."

Na jambo lililomchoma zaidi ni kwamba Semana hakuwa amesema uongo. Udongo ulitoka kwake kweli.

Bonde lile zamani lilikuwa kinamasi. Marehemu mume wake, Kabera, alipewa sehemu hiyo wakati hakuna aliyeitaka, maana watu wote wa Masisi walipenda kulima migongo ya milima, na bondeni waliwaachia vyura. Kabera na Nyirakamana walichimba mifereji wakiwa ndani ya maji hadi magotini, wakang'oa mafunjo, wakapata kipande cha udongo mweusi unaonuka majani yaliyooza. Humo walipanda magimbi. Kabera alipofariki, kipande hicho ndicho kilichomlisha mjane na watoto wake. Shamba lingine hakuwa nalo.

Shamba la Semana lilikuwa juu yake moja kwa moja, mteremko mkali kama paa. Miaka hiyo Leta, yaani serikali, ilikuwa imelazimisha kila mwenye shamba la mlimani kuchimba mitaro ya kukinga maji na kupanda majani makubwa kwenye kingo zake. Moniteri wa kilimo, Edmond, alipita nyumba kwa nyumba akipima kwa kamba na vigingi. Watu walinung'unika, na walikuwa na sababu, kwa kuwa kazi ya kulazimishwa haina utamu na aliyekataa aliweza kufungwa. Walinung'unika lakini wakachimba. Semana alimkirimu Edmond maziwa, akamsindikiza hadi njiani, akang'oa vigingi vyake akavifanya kuni. Mteremko wake ulibaki uchi, ng'ombe wakaukanyaga, kiangazi akauchoma moto apate majani mabichi.

Mvua ya masika ilipokuja na hasira zake, iliukuta mlima ule hauna hata shati. Siku moja, tangu adhuhuri, maji yaliteremka yakiwa mazito kama uji wa mtama, na yalipofika bondeni yakachoka, yakatulia, yakautua mzigo wao. Kesho yake Nyirakamana alikuta uwanja tambarare wa tope laini, rangi ya majivu yaliyochanganywa na kahawa. Magimbi yake yalizikwa mpaka shingoni, na ncha za majani tu zilichungulia. Mifereji ya Kabera ilikuwa imezibwa yote.

Alipanda kwa Semana kumwomba aje japo kusaidia kuzibua mifereji. Semana alikuwa amekaa mlangoni akinywa maziwa yaliyoganda. Hakuinuka.

"Pole sana, Mama," alisema. "Lakini mvula iko ya Mungu. Utashitaki Mungu?"

Nyirakamana alirudi akala hasara yake. Magimbi yalioza chini ya tope. Watoto wake walikula muhogo wa kuomba.

Udongo ule mpya ulimtesa kabla haujamlisha. Haukuwa mfinyanzi wala haukuwa kichanga. Ukikauka ulikuwa unga, ukiushika unakimbia mkononi. Ukilowa uliteleza kama sabuni. Alipanda maharagwe mara ya kwanza kama alivyozoea kupanda kwenye udongo mweusi, ikanyesha, jua likapiga, na juu ya shamba pakafanyika ukoko mgumu kama wa chungu cha ugali. Maharagwe yaliota yakagonga vichwa chini ya ukoko ule, yakajikunja, yakafa gizani. Alipoufukua aliyakuta meupe na yamepinda shingo. Alikaa chini akalia kwa hasira, akimtukana Semana na mlima wake na ng'ombe wake mmoja mmoja kwa majina.

Lakini njaa ni mwalimu asiyekubali utoro. Pole pole alianza kuujua. Aliona kwamba ukilimwa ungali na maji hugeuka matofali, na kwa hiyo kila asubuhi alichukua tonge la udongo akalibana kiganjani. Likimshika vidole aliweka jembe begani akarudi nyumbani. Likikaa tonge, na akiliangusha linavunjika, basi alilima. Alitengeneza matuta mapana ili maji yasilale. Alifunika matuta kwa majani makavu ya migomba, mvua isiupige udongo usoni. Na pale ukoko ulipotokea hata hivyo, alikata tawi la miiba akaliburuta juu ya tuta polepole, kama anayemchana mtoto nywele zilizosokotana, hadi ukoko ukapasuka na vichwa vya maharagwe vikapata hewa. Majirani walimcheka wakisema mjane ameanza kufagia porini.

Kisha akagundua siri yake nzuri. Kiangazi, mlima wote ulipokuwa umekauka na Semana akiswaga ng'ombe mbali kutafuta majani, udongo ule wa bondeni ulikuwa bado umeficha maji chini. Ukichimba kidogo tu unakuta ubaridi. Alipanda mvua zilipokuwa zinaaga, akavuna wakati ambapo hakuna mtu mwingine aliyekuwa na maharagwe mabichi. Alibeba hadi Kashebere, na watu wa msituni waliopanda na mafuta ya mawese kutoka upande wa Walikale walimgombania. Na ndiyo hayo maharagwe Semana aliyoyaona kutoka juu.

Semana hakurudi kwake akanyamaza. Alipeleka kesi kwa Sebarenzi, mkubwa wa baraza la kijiji.

Baraza lilikaa uani kwa Sebarenzi, karibu na zizi. Desturi ya pale ilikuwa mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi, kuwekwa katikati, na wazee kuunyonya kwa mirija huku wakisikiliza. Na neno ambalo mtu alilisema mbele ya mtungi lilikuwa limesemwa. Aliyetaka kulirudisha ilimbidi alete mtungi mwingine, mkubwa kuliko ule wa kwanza, na akubali kuchekwa.

Semana alisimama, akavua kofia. "Wazee, mi nauliza kitu moja tu. Ng'ombe yangu ikikata kamba, ikishuka ku shamba ya mwingine, inakuwa ya nani?"

"Inabakia yako," wazee wakajibu.

"Na ikizalia kule?"

"Mutoto iko yako pia."

"Basi nimemaliza." Akakaa.

Laiti ungewaona wazee wale walivyotikisa vichwa! Watu wa ng'ombe ukiwaletea neno la ng'ombe umekwisha kuwafunga miguu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza tangu lini udongo ukawa na mkia. Walitazamana, wakanyonya, wakasema ehe, hiyo iko na maana. Mmoja alianza hata kuhesabu kwamba udongo ni mama na maharagwe ni ndama, na mwenye kutunza ndama hupewa maziwa, kwa hiyo Mama Nyirakamana angebakiziwa kitu, asilie.

Nyirakamana alihisi damu ikimpanda hadi masikioni. Alisimama kabla hajapewa ruhusa.

"Ng'ombe yako ilikula magimbi yangu yote! Nani alilipa? Nilipanda kwako kukuita, ulisema mvula iko ya Mungu. Siku ya hasara udongo ilikuwa ya Mungu, siku ya kuvuna njo imekuwa yako? We uliambiwa uchimbe mitaro ufunge ng'ombe yako kamba, ukakataa. Sasa unataka maziwa!" Alimnyooshea Semana kidole. "Sawa. Kama iko ng'ombe yako, kuya uichukue! Jaza mu kitunga, beba, rudisha kule juu, yote! Mi sitaki kitu ya muntu!"

Wazee waliangua kicheko. Walicheka hadi mmoja akapaliwa na kasiksi, akapigwa mgongoni. Nyirakamana akaketi akidhani ameshinda, maana ni mtu gani mwenye akili zake angebeba shamba kichwani na kulipandisha mlima?

Sebarenzi alifuta machozi ya kicheko, akatoa mrija mdomoni. "Mama amesema. Semana, umesikia?"

"Nimesikia, Mzee."

"Utachukua udongo yako?"

"Nitachukua." Semana peke yake hakuwa anacheka.

"Basi achukue mpaka mvula ya kupanda ifike. Ile itakayobakia, iko ya Mama. Neno limesemwa mbele ya mutungi."

Nyirakamana alienda nyumbani ameinua kichwa. Hasira hasara, lakini hasara huwa haibishi hodi siku ile ile.

Semana hakuwa mjinga. Kubeba shamba zima ni ujinga kwa anayebeba, na yeye hakuwa na mpango wa kubeba. Asubuhi iliyofuata alikuja akachagua upande wa chini, ule udongo ulikokuwa mzito na mzuri zaidi, akaegemea fimbo yake. Nyuma yake walikuja Mukasine, mke wake, na binti zake wawili, kila mmoja na kitunga na ngata kichwani. Mukasine alikuwa na mtoto mchanga mgongoni.

Walichota, wakajitwika, wakapanda. Walimwaga juu, wakashuka, wakachota. Semana alikaa kwenye ukingo akitafuna kijiti, mara kwa mara akisema, "Huku, huku pia," kama anayewaonyesha watu kiti.

Nitasema ukweli wa Nyirakamana, ingawa haumpambi: siku ya kwanza alifurahi. Alikaa mlangoni akimenya viazi, akajisemea, acha wabebe, wajue uzito wa maneno ya baba yao. Siku ya pili furaha ilianza kumtoka. Mvua ndogo za kwanza zilikuwa zimeanza kudondoka jioni, udongo ulikuwa umelowa, na miguu ya wale wanawake, kwenda na kurudi, ilikuwa inaukanyaga ukikazana na kuwa sakafu. Pale walipochimba palibaki mashimo, na chini ya mashimo ulitokeza ule udongo mweusi wa Kabera, uliofunikwa bila hewa tangu masika yale, umeoza unanuka kama yai bovu. Maji yakaingia yakatuama. Nusu ya shamba lake ilikuwa inarudi kuwa ya vyura.

Na kule juu? Semana hakuchimba hata mtaro wa kushikia kile kilichobebwa. Udongo ulimwagwa juu ya mteremko mtupu, laini, mbichi, na kila jioni manyunyu yaliuteremsha tena kwa kijito kilekile, ukapita njiani, ukaingia mtoni, ukaenda zake Walikale. Haukumfaa Semana, haukumfaa mtu. Nyirakamana alisimama akatazama maji ya mto yalivyobadilika rangi, na akahisi kama anamwona mtu akimwaga chakula jalalani mbele ya watoto wenye njaa. Alitaka kupiga kelele lakini neno alilokuwa nalo la kupiga kelele alikwisha kulisema, mbele ya mtungi.

Ndipo Mukasine akaanguka. Alikuwa katikati ya mteremko, kitunga kimejaa, njia imelowa inateleza. Mguu ulimtoka. Alianguka kwa magoti akijitahidi asiangukie mgongoni alikokuwa mtoto, na kitunga kikabingirika, kikamwaga kila kitu. Mtoto alilia kwa sauti kubwa. Semana kule ukingoni akasema, "Angalia kitunga, isipasuke."

Nyirakamana hakujua alifikaje pale. Alikuwa amekimbia. Alinyoosha mikono kumshika yule mwanamke bega.

Mukasine aliusukuma mkono wake. "Usiniguse."

"Dada, nataka kukusaidia tu."

"Unisaidie na nini?" Magoti yake yalikuwa yanatoka damu iliyochanganyika na tope. "Semana alisema anataka nusu ya shamba, hakusema abebe. Ni weye njo ulisema beba. Ulisema mbele ya wanaume, bakacheka, na weye ukaketi. Ulifikiri nani atabeba? Uliona siku gani mwanaume ya hapa na ngata ku kichwa? We mwenyewe uko mwanamuke. Ulijua."

Akainua kitunga kitupu, akamnyamazisha mtoto kwa kumtikisa mgongoni, akashuka kuchota tena.

Nyirakamana alibaki amesimama njiani. Alikuwa amemkasirikia Semana kwa haki, na hasira yake ya haki ilikuwa imetua kwenye kichwa cha mtu asiye na kosa. Na wazee wale! Walicheka hadi machozi, kisha wakaenda kulala, na katika wote hao hakuna aliyejiuliza kitunga kitakaa juu ya shingo ya nani. Hasira ilimrudia upya, safari hii ikiwa na sehemu kubwa kwa ajili yake mwenyewe.

Alikuwa na ndizi zilizokuwa zimekwisha kuivishwa kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu. Alizikamua. Mjukuu angebatizwa kwa maji, kama Bwana alivyoagiza. Kasiksi ilipokwisha kuchacha, alijitwika mtungi mkubwa kuliko ule wa kwanza akaenda kwa Sebarenzi. Alikuwa amemtumia ujumbe Semana aje, na aje na Mukasine. Wazee walipoona mtungi walijua, wakaanza kucheka kabla hajautua.

"Mucheke," alisema Nyirakamana. "Nimeleta mutungi ili mucheke. Mucheke mumalize, kisha munisikilize."

Walipomaliza, aliendelea. "Nilisema Semana abebe udongo yake. Narudisha ile neno. Asibebe tena."

"Ah!" Semana alipiga paja. "Basi nusu iko yangu."

"Nusu nitatoa," Nyirakamana alisema, na sauti yake ilikatika hapo, kwa sababu nusu ile aliichimba na Kabera wakiwa ndani ya maji, na ilikuwa yake, na hakuna aliyekuwa na haki nayo. "Inaniuma, na mujue inaniuma. Mi sikuiba kitu. Lakini wazee mulisema udongo iko ng'ombe. Sawa. Basi munijibu: ng'ombe ya tajiri, muntu mwenye kuichunga, kuifuata mu mvula, kuanguka nayo ku njia, hapana pewa kitu?"

Wazee walitazamana. Hakuna mchungaji katika milima ile ambaye hakutazamia siku moja kupewa ndama wake. Nusu ya wazee wale walianza maisha hivyo, Sebarenzi mwenyewe akiwa wa kwanza.

"Anapewa," Sebarenzi akasema, kwa tahadhari.

"Nani alichunga hii ng'ombe? Semana alikaa. Nyinyi mulikunywa. Mi niliketi ku mulango namenya viazi." Alimgeukia Mukasine, ambaye alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na zizi. "Ni huyu. Nusu natoa, lakini natoa kwake. Alime, avune, ile atapata ajue mwenyewe. Semana asikanyage."

Kelele zilizozuka hapo, hata ng'ombe zizini waligeuza vichwa. Semana alisema bibi ni wake, kwa hiyo shamba ni lake, na kwamba tangu babu zake haijasikika mwanamke kupewa shamba mume akiwa hai anapumua. Mzee mmoja alimuunga mkono. Mwingine alisema mtungi ni mkubwa na si vizuri kumfukuza mama wa watu. Sebarenzi alinyonya kwa muda mrefu. Haki haikuwa kitu alichokipenda sana, lakini alipenda kesi ziishe, na hii ilikuwa imeanza kunuka hadi kwa Padri misioni.

"Mukasine atalima ule upande ya chini," alisema mwishowe. "Siku ataacha kulima, inarudi kwa Mama. Na weye Semana, chimba mitaro. Moniteri akirudi akikuta mulima yako sawa vile, sitakutetea."

Semana alichimba nusu ya mtaro mmoja, akasema mgongo unamuuma. Na hiyo nayo aandikiwe mahali.

Mukasine alikuja bondeni mvua ya kupanda ilipofika. Hakuamkia. Alianza kulima kule chini udongo ukiwa ungali mbichi, jembe likitoa sauti ya kunyonya kila alipolivuta.

"Acha!" Nyirakamana alipiga kelele. "Utafanya matofali! Hapana lima leo!"

Mukasine aliinuka na macho yaliyosema maneno mengi. Nyirakamana alimwendea, akachota tonge, akalibana, akamwonyesha vidole vyake vilivyoshikwa na tope. "Mpaka hii iache kushika. Siku mbili, ao tatu kama jua haliko. Na tufungue mifereji kwanza, maji itoke mu mashimo." Mukasine aliliweka jembe begani, na siku ya tatu alirudi na jembe na kipande cha tawi la miiba.

Walifanya kazi msimu ule wamepeana migongo. Mukasine alikuwa hajamsamehe, na Nyirakamana kila alipotazama upande wa chini alijisikia kama mtu aliyekatwa mkono na kuambiwa ashukuru mwingine amebaki. Usifikiri walikumbatiana na kuimba. Walizibua mifereji pamoja kwa sababu mfereji hauzibuliwi nusu. Ule weusi uliooza waliuanika, wakauchanganya na ule laini, wakafunika kwa majani ya migomba. Mukasine alikuwa na mkono mzuri. Maharagwe yake ya kiangazi yalitoka mazito.

Siku ya kung'oa, Semana aliteremka. Alisimama juu ya barabara, mahali ambapo watu waliokuwa wanaenda Kashebere na mizigo yao walikuwa wanapita, akawaonyesha bonde kwa fimbo.

"Munaona ile maharagi?" alisema kwa sauti ya kusikika. "Iko ya udongo yangu ile. Bibi yangu analima ku udongo yangu."

Wanawake wawili waliinuka kutoka kwenye matuta kwa wakati mmoja. Nyirakamana alifungua mdomo, maneno yote ya miaka miwili yakiwa yamejipanga nyuma ya meno. Lakini Mukasine alikuwa amekwisha kuanza kutembea. Alipita katikati ya matuta, akainama mahali palipokauka, akachota ujazo wa mkono mmoja. Akapanda hadi barabarani.

Alimshika mume wake mkono, akaukunjua, akamwekea udongo kiganjani, akamfunga vidole kimoja kimoja.

"Njo hii yako," alisema. "Peleka nyumbani."

Akarudi kwenye maharagwe yake. Semana alibaki amesimama na ngumi iliyofungwa. Wapita njia walikuwa wametua mizigo, wanamngoja aseme kitu. Udongo ulikuwa mkavu, laini kama unga, na alivyozidi kuukaza ndivyo ulivyomtoka katikati ya vidole, ukamwagika juu ya miguu yake hadi mkono ukabaki mtupu. Hakuna aliyecheka.

Nyirakamana alifunga mdomo, akainama. Hasira yake ilikuwa bado iko pale pale, na alijua ataendelea kuwa nayo kila atakapouona upande wa chini. Lakini mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Walikale, na maharagwe ya Mukasine yalikuwa mengi kuliko mikono yake, kwa hiyo alivuka mfereji akaanza kung'oa tuta la mwisho la mwenzake.